Jiografia Iliyomo Kikombeni

Ndugu wakulima wa Kibiti na delta ya Rufiji, leo tunazungumza juu ya jiografia. Usifunge redio ukadhani haya ni mambo ya shule tu. Jiografia unainywa kila siku.

Kule Kilimanjaro watu hupika mbege kwa ndizi na ulezi, kwa kuwa mlima una mvua na udongo wa volkano unaolisha migomba. Iringa na Njombe, kwenye baridi, hukinga ulanzi kutoka kwenye mianzi wakati wa mvua. Sisi wa pwani, penye joto na mchanga, tuna mnazi: tunakunywa dafu, na wengine tembo. Basi kinywaji hukuonyesha ardhi ilivyo.

Na maji je? Katika delta, maji ya mto na maji ya bahari hushindana. Kiangazi mto hupungua, na bamvua likija bahari hupanda ndani. Kisima kilichokuwa kitamu masika huweza kuingia chumvi.

Kwa hiyo chora ramani. Chukua kijiti, kaa na watoto mchangani. Mashariki, jua linakochomoza, weka bahari. Chora mto na mikono yake, kisha mikoko, mashamba na visima. Kisima chenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kitie duara. Chenye chumvi kitie msalaba. Waulize akina mama wanaoteka maji, wao ndio wanaojua. Ihamishie ramani kwenye karatasi, uandike mwezi. Chora moja masika na nyingine kiangazi, kisha zilinganishe.

Mahali msalaba ulipopanda kuelekea bara, usichimbe kisima kipya wala usipande mpunga wa kukomaa kiangazi. Mpunga hauipendi chumvi. Mnazi huvumilia kidogo zaidi. Maji yenye duara nayo yachemshe kabla ya kunywa, kwani kukosa chumvi siyo kukosa vijidudu.

La mwisho ni minazi yenyewe. Karara linalogemwa tembo halizai nazi. Itie minazi yako kwenye ramani, na uamue mapema ipi ni ya mgema na ipi ni ya nazi, usije ukafika msimu wa kuuza huna cha kuuza.

Shime, ndugu wakulima.