Tulisema ni kwa Ajili ya Mtoto

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Stockholm



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena tukiwa wazima, na kuwaombea rehema wale ambao mwaka huu viti vyao vi wazi. Naishukuru pia kamati iliyonipa heshima ya kusema. Barua ya kamati ilinitaka nizungumzie safari pamoja na watoto wadogo, na nadhani ilikusudiwa niwape kina mama vijana mawaidha juu ya maziwa na nepi. Nitayagusa hayo kidogo. Lakini kuna jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Desemba 2023, na kwa kuwa maneno haya yatachapwa katika kitabu chetu, na kitabu kitafika Muscat, Mombasa, Toronto na Tanga, nimeona heri niliseme mimi mwenyewe kuliko kusimuliwa na wengine.

Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba mwezi huo mimi, binti yangu, mkwe wangu na mjukuu wangu wa miaka minne tulisafiri kutoka hapa hadi Dar es Salaam katika daraja la biashara. Baadhi yenu mmeiona ile picha: mtoto amelala chali, blanketi hadi kidevuni, mdomo wazi. Nimepata habari kwamba picha hiyo ilizungumzwa sana. Mmoja wenu, simtaji, aliuliza kama tumeokota dhahabu.

Ili mnielewe, lazima nirudi nyuma. Nilitua katika kiwanja cha Arlanda mwezi Novemba 1988, nikiwa na miaka 31, nikimfuata marehemu mume wangu aliyetangulia masomoni. Mapajani nilikuwa na binti wa miezi minane. Desturi ya mashirika ya ndege ilikuwa, na ingali hivyo katika safari nyingi za kimataifa, kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili hana kiti. Hupakatwa, na hulipiwa kama sehemu moja ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Nilikuwa kiti cha katikati, safu ya nyuma kabisa, karibu na choo. Mtoto alilia tangu tulipopaa. Maziwa yalikwisha njiani. Mama mmoja mtu mzima, ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya kuelewana, alinyoosha mikono akampokea, akatembea naye katika ujia hadi mimi nikasinzia. Sikupata kujua jina lake. Tuliposhuka, theluji ilikuwa inaanguka, nami nilivaa viatu vya wazi.

Yule mtoto ndiye aliyenunua tiketi za mwaka 2023. Nilipokataa, aliniambia, "Mama, wewe ulinipakata safari nzima. Niache nikulaze mara moja." Nikamjibu kwamba fedha hizo zina kazi nyingine. Ndipo akasema neno lililonishinda: "Basi tufanye kwa ajili ya mtoto. Safari ni ya usiku, hataweza kulala amekaa."

Ndugu zangu, nilifanya kazi miaka 27 katika ofisi ya serikali ya bima ya jamii ya nchi hii, hadi nilipostaafu. Wazazi wa Uswidi wanazo siku 480 za posho ya malezi kwa kila mtoto, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanaokagua maombi yao. Nimesoma maelfu ya barua zenye maneno hayo, kwa ajili ya mtoto. Mara nyingi yalikuwa kweli tupu. Mara nyingine ilitosha kusoma mistari miwili zaidi ili kuona ni nani hasa aliyekuwa na haja. Nilikuwa hodari wa kuisoma mistari hiyo miwili katika barua za watu wengine.

Halikuwa shauri la bei peke yake. Mzazi mwenzangu, yaani mama yake mkwe wangu, hajapanda ndege tangu mwaka 2019. Waswidi wana neno lao, flygskam, maana yake haya ya kusafiri kwa ndege, na neno hilo lilienea hapa kiasi cha mwaka 2018, mwaka uleule serikali ilipoanza kutoza kodi ya safari za ndege, ambayo iliondolewa Julai 2025. Mama huyo alituandalia kahawa na keki, kisha akatueleza kwa upole kwamba utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2013 ulikadiria kuwa msafiri wa daraja la biashara huchafua hewa karibu mara tatu ya yule wa daraja la kawaida, kwa sababu ya nafasi anayoichukua. Sikuwa na la kumjibu. Yeye aliona haya kwa moshi, mimi niliona haya kwa bei, na tiketi zilikuwa zimekwisha kulipiwa.

Huenda msijue kwamba daraja hili lina historia katika mji huu huu. Mwaka 1981 Bwana Jan Carlzon alikabidhiwa uongozi wa SAS, shirika la pamoja la Uswidi, Norwe na Denmark lililoanzishwa mwaka 1946. Shirika lilikuwa linapata hasara. Carlzon aliamua kumtumikia kwanza mtu anayesafiri kikazi na kulipa nauli kamili. Aliondoa daraja la kwanza katika safari za Ulaya na kuanzisha daraja aliloliita EuroClass, kwa nauli ileile kamili ya kawaida. Vitanda vya kunyooka kabisa vilikuja baadaye. British Airways waliviweka katika daraja la biashara mwaka 2000. Kwa hiyo mahali pale palibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mkoba na mkutano wa asubuhi. Mtoto mwenye dubu wa kitambaa hakuwamo katika hesabu.

Hilo lilionekana mara tu tulipoingia ndani. Bwana mmoja alimtazama mjukuu wangu, akatazama namba ya kiti chake, kisha akatazama dari. Mtoto naye alifurahi mno. Aligundua kwamba kiti kina vitufe, na kwamba kila kitufe huinua au hushusha kitu. Akapanda, akashuka, akanyooka, akakunjika. Chakula kilicholetwa kwa sahani ya udongo hakukitaka, alikula mkate. Taa zilipozimwa tulimlaza katika kitanda chake, akasema ni kikubwa na kina giza, naye alikuwa na haki, kwa maana kilikuwa na kuta, na mtoto mdogo ndani yake ni kama yuko kisimani. Akahamia kwa mama yake. Binti yangu alikaa wima usiku kucha na kichwa cha mtoto juu ya kifua chake. Ile picha mliyoiona ilipigwa dakika chache kabla ya wahudumu kuja kutuamsha tukakaribia Addis Ababa.

Aliyelala ni mimi. Nilikuwa na nyonga ya bandia ya mwaka mmoja. Nililala saa tano bila kugeuka, na niliposhuka nilitembea bila fimbo.

Hapa naweka yale mawaidha niliyoahidi. Chakula cha mtoto kiagizwe siku kadhaa kabla. Hakikisheni mapema kwamba kiti cha mtoto kinagusana na cha mzazi, kwa kuwa katika ndege nyingine viti hivi vimetengana kabisa. Nguo za akiba ziwe mkobani, za mtoto na za anayempakata. Ndege inapoteremka mpeni kitu cha kunywa ili masikio yasimwume. Yote haya yanafaa nyuma kama yanavyofaa mbele.

Kutoka Dar es Salaam tulikodi gari dogo hadi Tanga, kwa njia ya Chalinze na Segera. Joto lilikuwa kali na gari limejaa mabegi. Tulisimama Muheza kununua machungwa, tukagundua kwamba mtoto yu usingizini tangu Segera, ameegemea begi la viatu vya shule vya binamu zake, mdomo wazi vilevile. Hapana aliyempiga picha.

Sasa nafika nyumbani kwa dada yangu, Ngamiani.

Siku ya tatu watoto walikuwa wakicheza uani. Mjukuu wangu alipanga viti vya dada, viwili mbele na vigoda nyuma, akaomba kanga, akaitundika katikati kwa kamba ya kuanikia nguo. Akakaa mbele. Binamu zake watano akawapeleka nyuma ya kanga, akawaambia kwa Kiswahili chake cha mchanganyiko, "Huku ni kwa wenye tiketi kubwa." Mmoja wao, msichana wa miaka saba, akauliza, "Na chakula je?" Akajibiwa, "Mtaletewa baadaye."

Tulicheka sote. Dada alicheka hadi akajipangusa machozi kwa ncha ya kanga yake. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mdogo wangu, kiti kama hicho nauli yake kiasi gani?"

Nikamwambia, "Wala hatukulipa sana, dada. Mkwe alikuwa na pointi zake za kazini."

"Alhamdulillahi," akasema. "Mungu amewafungulia."

Ukweli ni kwamba tulilipa kronor 96,000 kwa watu wanne. Nyuma tungelipa 38,000. Tofauti yake, kwa fedha za wakati ule, ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 14 za Tanzania. Mkwe wangu hakuwa na pointi hata moja.

Usiku ule mvua ilinyesha. Mnakumbuka vuli ya mwaka 2023 ilivyokuwa. Nikiwa macho, nilimwona dada akiingia chumbani petu polepole na beseni, akaliweka chini karibu na kichwa cha mtoto, mahali bati lilipotoboka. Akalisogeza kidogo, akasikiliza tone likianguka, akalisogeza tena. Kisha akamfunika mtoto miguu, akatoka. Sikujifanya nimelala, ila pia sikusema neno. Wala yeye hakusema neno juu ya bati, si usiku ule wala siku zote kumi na nane tulizokaa.

Kuna mzigo mwingine ambao watu wa umri wangu hapa ukumbini wanaufahamu. Mama yetu alipofariki mwaka 1996 sikuwa na nauli, hata ya kiti cha nyuma. Nilifika siku ya arobaini. Ni dada aliyemwosha, na ni dada aliyeniwekea kanga ya mama. Kwa hiyo aliyeulizwa nauli uani siku ile hakuwa anaulizwa na mtu baki.

Nimerudi hapa, nimekaa na uongo ule karibu miaka miwili. Kamati iliponiandikia nilianza kutayarisha hotuba juu ya maziwa na nepi, nikaona siwezi. Wiki mbili zilizopita nilimpigia dada simu, nikamweleza yote: bei, nyonga, pointi ambazo hazikuwapo.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilijua. Mkwe wako alimwambia shemeji yako siku ya pili."

Kumbe shemeji, kwa Kiingereza chake cha bandarini, alikwisha kumwuliza. Na mkwe wangu ni Mswidi. Ukimwuliza bei, hukutajia bei. Nikamwuliza dada, kama alijua, mbona aliniuliza mimi tena siku ya tatu. Akajibu, "Nilitaka uniambie wewe."

Nilimwambia nataka kupeleka fedha za bati. Akasema nimechelewa, nyumba imekwisha kuezekwa. Mwanawe wa Muscat ameshughulikia. Nikasisitiza, akakasirika. Hivyo ndivyo tulivyoagana siku ile, na sijui kama niite kusameheana, lakini kesho yake alinipigia yeye kuniuliza dawa ya presha ambayo jina lake alikwisha kulijua.

Sijutii kulala usiku ule, na binti yangu asijute kunilaza. Alitaka kulipa deni lake kwangu, nami niliona haya kulipokea waziwazi, nikamtanguliza mtoto wa miaka minne mbele yangu kama kinga. Wenzangu wazee, watoto wenu wakitaka kuwapumzisha, wapeni nafasi wafanye hivyo, na mkiulizwa bei, itajeni. Kwa vijana: mtoto wenu hana haja na kiti kile. Anawahitaji ninyi mkae karibu.

Namaliza kwa taarifa moja kwa kamati, ili ipange malazi. Kiangazi kijacho dada, ambaye ametimiza miaka 75, atakuja Stockholm kwa mara ya kwanza, akipenda Mola. Magoti yake hayako vizuri. Mimi na binti yangu tunamkatia tiketi ya daraja la biashara, kwenda na kurudi, na bei tumemtajia. Amesema ni ghali mno, kisha akauliza kama kiti chenyewe ni cha dirishani.