Redio ya Ridhaa na Mlima Kenya
Msikilizaji, utabiri wa hali ya hewa uliousikia hivi punde ni wa eneo zima. Mpagazi anayepanda Mlima Kenya kutoka Naro Moru anahitaji habari za pale alipo, mara nyingi simu ikiwa haishiki. Mfumo wa APRS, alioubuni Mmarekani Bob Bruninga, hutumia redio za ridhaa, zile za watu binafsi wenye leseni wasiozitumia kwa biashara. Redio hurusha taarifa za mahali ulipo, joto na mvua; kituo kilicho kilimani hupokea na kurusha tena, bila intaneti. Maskauti nao wana uhusiano na mlima huu na redio hizi: Nyeri, chini ya mlima, ndiko alikozikwa mwanzilishi wao, Baden-Powell, mwaka 1941, na kila Oktoba maskauti duniani huzungumza kwa redio hizi. Walezi wa skauti, waombeeni vijana wetu leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano.