Joto, Usingizi na Glasi ya Chang'aa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Mbita na Nyatike)



Leo tuzungumze juu ya joto. Huku kwetu ziwani, Januari hadi Machi jua huwaka sana. Mvuvi wa omena amekesha majini na taa zake. Asubuhi anauza, anataka kulala. Lakini nyumba ni ya mabati, na ikifika saa tano ndani ni kama jiko. Atalala vipi? Basi anapitia kwa mama pima, anakunywa glasi moja ya kuleta usingizi. Kesho ni mbili. Mchimba dhahabu wa Macalder naye anasema anapoza mwili.

Jameni, pombe haipozi mwili! Inakufanya ukojoe sana, na maji yanapungua mwilini. Usingizi wake nao si mzito: unaamka umechoka, hasira iko karibu. Siku zikipita hivyo, mawazo yanalemea na ugomvi unaingia nyumbani. Kisha sisi tunasema, "Huyo ni mlevi tu."

Kikundi kifanye nini?

1. Tumieni mafunjo kutengeneza dari chini ya mabati. Pandeni miti ya kivuli.

2. Wekeni mtungi wa maji safi ufuoni na machimboni.

3. Wanaotumia dawa za ugonjwa wa akili wakae kivulini na wanywe maji. Baadhi ya dawa hizo hupunguza jasho, hivyo joto huwadhuru upesi. Lakini wasiache dawa bila kumwuliza daktari.

4. Aliyezoea kunywa sana kila siku asikatizwe ghafla nyumbani. Anaweza kutetemeka hata kupata kifafa. Mpelekeni hospitali. Simu ya bure ya NACADA ni 1192.

5. Mtu akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake, wala msimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya alikaa jangwani chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Ndugu zangu, twende tukafanye vivyo hivyo kwa jirani.