Mjusi wa Tendaguru

Wasikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tuitazame mifupa ya Tendaguru, mkoani Lindi.

Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua huko mabaki ya dinosaria, zaidi ya tani 200. Waliochimba, na waliobeba mizigo hiyo hadi bandari ya Lindi, ni wenyeji, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Kijerumani. Leo mjusi aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama katika makumbusho ya Berlin.

Je, hili linamhusu vipi mwananchi wa kawaida? Mtoto wa Lindi akitaka kumwona, sharti kwanza apate viza.

Sasa, wapo wanaosema abaki huko: kumtunza ni gharama, hatuna jengo la kumweka, na huko wanasayansi wanamfikia kwa urahisi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini, kwa maoni yangu, kukosa jengo hakumnyimi mtu haki ya mali yake. Majengo hujengwa. Hata mgawo wa viingilio vya makumbusho hayo, au nafasi za masomo kwa vijana wetu, ungekuwa mwanzo.

Swali ninalowaachia: tudai mifupa yenyewe, au kwanza faida yake? Na wananchi wa Tendaguru, wao wanataka nini?