Daftari la Bunduki za Leta Liko Wapi?

 Wasikilizaji, wiki nzima mjini Lubumbashi maneno ni haya: anayeomba kibali cha bunduki aongezewe masharti na polisi. Huyu anataka cheti cha daktari. Yule anataka karatasi ya komini, mwingine karatasi ya parke, mwingine mashahidi wa kartie. Kila mtu na karatasi yake.

Redio hii haina ugomvi na masharti. Mlevi asipewe bunduki. Anayempiga mkewe asipewe bunduki. Hapo tumekubaliana, tusonge mbele. Kinachotunyima usingizi ni kingine.

Bunduki inayogonga mlango saa nane za usiku kule Ruashi haijawahi kuomba kibali. Bunduki inayomsubiri mwenye duka Katuba akifunga hesabu haijapanga foleni kwenye ofisi yoyote. Ile inayolia Kampemba, watu wote chini ya vitanda, haikupeleka picha wala cheti. Ni ya nani? Ilitoka ghala gani? Nani aliisaini ilipotoka, na nani alipaswa kuipokea iliporudi? Daftari liko wapi?

Tunauliza kwa sababu mnajua jinsi mji huu unavyolindwa. Katika nchi yetu kampuni za ulinzi haziruhusiwi kubeba bunduki. Mlinzi wa getini ana filimbi, akibahatika ana rungu na mbwa. Benki ikitaka mtutu mlangoni, inakodi polisi. Kampuni ya madini ikitaka mtutu kwenye msafara, inakodi polisi. Tajiri akitaka kuozesha binti kwa fahari, naye anakodi polisi wasimame pembeni ya hema. Kwa hiyo bunduki tunazopishana nazo barabarani, kutoka mtaa wa Golf hadi komini ya Kenya, nyingi ni bunduki za Leta, yaani za serikali. Na raia aliyevamiwa usiku akihojiwa asubuhi, mara ngapi anasema wezi walivaa sare? Mara ngapi mitaani tunaambiana kwamba silaha imekodishwa kwa usiku mmoja na mtu ambaye mshahara wake haujafika? Labda ni uvumi. Uvumi wa namna hii unazimwa kwa kitu kimoja tu: daftari. Namba ya bunduki, jina la aliyepewa, saa aliyoichukua, saa aliyoirudisha, risasi alizorudisha.

Hilo si wazo la redio. Sheria ya silaha tuliyo nayo ni ya tarehe 3 Septemba 1985, enzi za Mobutu, mkoa huu ukiitwa Shaba. Mwaka 2004 nchi yetu ilitia sahihi Protokali ya Nairobi juu ya silaha ndogo. Mwaka 2008 ikaundwa tume ya taifa ya kudhibiti silaha hizo. Tarehe 30 Aprili 2010 ukapitishwa mkataba wa Afrika ya Kati juu ya jambo hilo hilo, tena Kinshasa kwenyewe, ukabeba jina la mji mkuu wetu. Protokali na mkataba vyote vinasema silaha zitiwe alama, ziandikwe, zihesabiwe, na za serikali zikiwemo. Karatasi za kusaini tunazo tele.

Mtatusamehe, kuna mtu tunamtaja kila tukizungumzia bunduki, na leo hatutamwacha. Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wapiganaji wa Mai-Mai, alihukumiwa kifo Kipushi mwaka 2009. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha wakavamia gereza la Kasapa, akatoka pamoja na wafungwa karibu elfu moja. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wake wa Bakata Katanga wakaingia mjini kwa miguu, na zaidi ya mia mbili kati yao wakajisalimisha kwa kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, baada ya damu kumwagika barabarani. Oktoba 2016 Gédéon mwenyewe akajisalimisha, akapokewa kama mgeni wa heshima, akapewa nyumba hapa hapa Lubumbashi. Nani alimdai cheti cha mwenendo mwema? Nani alimpeleka kwa daktari? Tarehe 28 Machi 2020 akatoroka tena. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2021 kambi za Kibati na Kimbembe zikashambuliwa. Mfanyabiashara wa Kamalondo alete mashahidi. Sawa. Na Gédéon, mashahidi wake walikuwa akina nani?

Tulishajaribu hata baiskeli. Wakubwa wanakumbuka: mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake PAREC walizunguka Katanga wakisema leta bunduki, chukua baiskeli. Watu walicheka, lakini bunduki zilitoka porini, na baiskeli zikabeba mahindi na makaa. Kulikuwa na akili pale: walianza kwa bunduki zilizopo, wakaziacha zile ambazo bado zinaombewa kibali.

Na jirani zetu? Tanzania, mwaka 2016, serikali iliamuru wenye silaha wote wakahakikiwe. Rais Magufuli mwenyewe alihakikiwa silaha zake. Rais! Hapa kwetu tunasubiri kumwona mkubwa mmoja tu, hata wa komini, akiweka bastola yake mezani na kusema someni namba.

Tuseme na la mfukoni, maana ndilo litakalotokea kwanza. Sharti jipya lina dirisha lake. Dirisha lina mtu wake. Mtu huyo ana matabishi yake. Mwenye pesa atazipata karatasi zote kabla ya saa sita, pamoja na ile ya daktari ambaye hajamwona. Asiye na pesa atazungushwa hadi achoke. Jambazi hatapita dirisha lolote. Sasa hapo nani amepimwa?

Basi, Bwana Kamishna wa polisi, ongeza masharti ukitaka, lakini anza kwako. Kabla ya karatasi ya komini, daftari. Kabla ya karatasi ya parke, daftari. Kila komisaria, kila kambi, kila polisi aliyekodishwa kulinda duka la mtu: namba ya bunduki na jina la anayeibeba. Waheshimiwa wa bunge la mkoa, mwiteni, mumuulize, msiondoke bila jibu. Na wewe msikilizaji, ukidaiwa karatasi, uliza inatoka kifungu gani cha sheria. Ukidaiwa pesa, dai risiti. Ukivamiwa, Mungu aepushe, kapeleke malalamiko, yaandikwe, upewe namba ya dosie, usiyaache yaishie kwenye kilio cha mtaani. Mama wa soko la Kenya, madereva, wanafunzi wa UNILU, mapadri, wachungaji, maimamu: ulizeni! Ulizeni kanisani, ulizeni msikitini, ulizeni kwenye basi! Na msikubali kuambiwa kwamba ni siri ya jeshi. Bunduki ya polisi anayesimama mlangoni mwa benki, mchana kweupe, kwa pesa ya benki, ina siri gani?