Idadi ya Watu na Barabara ya Kijiji Nchini India

Sensa ya India ya mwaka 2011, iliyoonyesha kwamba takriban asilimia 69 ya watu wa nchi hiyo waliishi vijijini, ilirekodi pia usafiri wa kila kijiji, yaani kama basi hufika na, lisipofika, kama kituo kiko chini ya kilomita 5, kati ya 5 na 10, au mbali zaidi.

Kwa nini hesabu hiyo ya watu ina uzito kwa mwananchi wa kawaida? Mpango wa serikali wa barabara za vijijini, ulioanzishwa Desemba 2000, huchukua idadi ya watu kuwa kigezo, yaani kipimo cha kuamua nani anastahili: kitongoji cha tambarare huhitaji wakazi 500, na cha milimani 250. Kitongoji cha tambarare chenye watu 490 hukosa sifa, hata kama tope la monsuni huwalazimu vijana kumbeba mgonjwa juu ya kitanda cha kamba hadi barabara kuu.

Ni kweli, kwa upande mmoja, kwamba kigezo cha namba humnyima mwanasiasa nafasi ya kupendelea kwao, na hilo si jambo dogo. Kwa upande wa pili, hata awamu ya mpango huo iliyoidhinishwa mwaka 2024 ilitegemea hesabu za sensa ya 2011, na lami peke yake haileti basi.

Je, haki ya barabara ipimwe kwa wingi wa watu, au kwa ukubwa wa shida yao?