Bomba Lako Linatoa Lita Ngapi?

Msikilizaji, mvua zikishashika Uporoto, Makete na Njombe, swali linalosikika zaidi kwenye maduka ya pembejeo huku Nyanda za Juu Kusini ni moja: ipo dawa kali ya ukungu? Muuzaji anatoa pakiti, anataja bei, mkulima analipa na kuondoka. Ni nadra mkulima huyo kuulizwa bomba lake linatoa lita ngapi kwa ekari. Mimi nasema swali hilo lisiloulizwa ndilo linaloamua kama viazi vitafika sokoni au vitaozea ardhini.

Ukungu ninaousema ni ule ambao mabwana shamba wanauita bakajani chelewa. Ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Unapenda hali ile ile tuliyo nayo kwenye milima yetu: baridi, mawingu yasiyokatika, majani yanayolala yamelowa. Kimelea kikitua kwenye jani bichi lenye maji, saa chache zinakitosha kuota na kupenya. Kisha zinapita siku kadhaa mkulima haoni kitu. Siku atakayoona baka jeusi, akageuza jani na kukuta utando mweupe pembezoni mwa baka hilo, ajue ugonjwa umeshazaa na upepo umeshausambaza.

Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mankozebu, ile poda tuliyoizoea, ni dawa ya kinga. Inakaa juu ya jani, na kimelea kilichokwisha kuingia haikifuati. Dawa nyingine, metalaksili, yenyewe inaingia ndani ya mmea, lakini jani lililokufa hailifufui. Tena ilipotumika sana, mwaka 1980 wakulima wa Ireland na Uholanzi walishuhudia vimelea visivyoisikia kabisa. Ndiyo maana leo unaikuta imechanganywa na mankozebu kwenye pakiti moja. Anayepiga mchanganyiko huo huo tangu viazi vinachipua mpaka vinakomaa anavipa vimelea nafasi ya kuuzoea. Na usibebe dawa yoyote tu kwa sababu imeandikwa ni ya kuvu. Kabendazimu, kwa mfano, ina kazi yake kwenye mazao mengine, ila kimelea hiki cha viazi si kuvu halisi, na dawa hiyo haikigusi.

Sasa tuje kwenye bomba. Chukua bomba lako la lita 20, lijaze maji matupu. Pima shambani kipande cha mita 10 kwa mita 10. Kipige kwa mwendo wako wa kawaida, kama unavyopiga dawa, kisha pima maji uliyotumia. Yakiwa lita 4, zidisha mara 40, maana ekari moja ina vipande kama hivyo 40 na kidogo. Utapata lita 160, yaani mabomba 8 kwa ekari. Mwenye viazi vilivyofunga majani ambaye anamaliza ekari nzima kwa mabomba 3 amelowesha majani ya juu tu. Majani ya chini, yaliyojificha kivulini na kukaa na unyevu mpaka adhuhuri, hayajapata kitu, na ugonjwa huanzia huko.

Nozeli nayo itazamwe. Ile inayotoa maji bapa ni ya kuulia magugu. Kwa ukungu tunataka inayotoa maji ya mduara, matone madogo yanayoingia katikati ya majani. Mankozebu ni poda, na poda inakwangua tundu la nozeli kila unapopiga. Tundu likipanuka, matone yanakuwa makubwa, yanateleza na kudondoka chini. Nawaona wakulima wanaonunua dawa kila wiki kwa fedha za kukopa huku nozeli ikiwa ni ile ile iliyokuja na bomba. Inaniuma, kwa sababu nozeli mpya ni nafuu kuliko dawa inayomwagika chini msimu mzima.

Kuchanganya ni kazi nyingine inayodharauliwa. Poda ikimwagwa moja kwa moja kwenye bomba inaganda na kutuama. Mistari ya kwanza inapata dawa nzito, ya mwisho inapata maji. Ikoroge kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo mpaka ilainike, ndipo uimimine, na uendelee kulitikisa bomba unapotembea. Pima kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kisoda na kijiko havina uzito mmoja kwa kila dawa.

Piga umande ukishakauka na upepo ukiwa umetulia. Mvua ikiwa imeshajikusanya, subiri. Inua nozeli kutoka chini kuelekea juu, ili mgongo wa jani nao upate. Majani yakikauka, ingia shambani uyageuze machache: mankozebu huacha vumbi jepesi linaloonekana kwa macho, na usipoliona mgongoni ujue hujamaliza kazi. Siku za mvua rudia kila baada ya siku 7 hivi, kwa sababu jani lililochipua jana halina dawa.

Kuna la kusikitisha zaidi: wengine wanatibu ugonjwa ambao hawana. Mmea ukinyauka ungali kijani, kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya ukungu itakayousaidia. Ng'oa mmea na viazi vyake, uvitoe shambani.

Na mwili wako, mkulima mwenzangu. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali cha mankozebu, na madhara kwa afya ya binadamu ni sababu mojawapo. Sisi bado tunaitumia, basi tuitumie tumevaa glavu, buti na kitambaa cha kuziba pua na mdomo, tukiupa upepo mgongo, na watoto wakae mbali.

Ninyi wenye maduka ya pembejeo, wekeni nozeli rafuni kando ya dawa, na mkulima anapolipa mwulizeni ya kwake ina umri gani. Mabwana shamba, mkija kijijini na majina ya dawa mpya, njooni pia na kamba ya kupimia na ndoo, mfundishe kupima bomba shambani kwenyewe. Nawe msikilizaji, fanya kipimo kile cha mita 10 kwa mita 10 wiki hii, kabla hujanunua pakiti nyingine.